Mabamba ya Tumbo la Gari Jekundu

Jumamosi, 1 Juni

Nimedhalilishwa. Kibarazani kwangu mwenyewe, mbele ya mke wangu na mama yake!

Shemeji amekuja asubuhi na gari lake. Shemeji ni kaka wa mke wangu, daktari wa meno, mtu anayetabasamu kama tangazo. Gari lake na langu ni mapacha: la michezo, jekundu, viti viwili, aina moja, mwaka mmoja, jepesi kiasi kwamba wanaume wawili wanaweza kulinyanyua mkia. Tofauti ni moja. Lake limetoka kuvishwa mabamba ya tumboni, yaani mabati ya alumini yanayofunika tumbo lote la gari ili upepo uteleze chini badala ya kukwama kwenye mabomba na nati. Akalala chini kunionyesha. Na suruali nyeupe! Akainuka bila doa. Mtu wa namna hiyo si wa kuaminiwa.

Akauliza, kwa upole wenye sumu, kama mwaka huu nitafika juu. Jumapili ya wiki ijayo klabu yetu ya magari ina mbio za kupanda kilima, gari moja moja, kwa kupimwa muda. Mwaka jana nilisimama nusu ya njia. Nilikuwa naangalia mandhari. (Injini ilikuwa imezimika, lakini mandhari niliyaangalia.)

Hapo mke wangu akasema na yeye ana neno. Ni fundi cherehani. Vyerehani vyake vitatu vimejazana sebuleni, tunakula tumekunja viwiko. Akasema gari lisipofika juu safari hii, Jumatatu litoke bandani na vyerehani viingie. Mama mkwe akasema amesikia, yeye ni shahidi. Nikakubali upesi. Wakadhani nimeishiwa maneno. Kimya kingi kina mshindo!

Mpango: nitatengeneza mabamba yangu mwenyewe. Kwa siri. Nimesoma habari zake saa nzima baada ya chakula cha mchana. Sasa najua kila kitu.

Jumapili, 2 Juni

Bati limepatikana! Nilimpigia shemeji nikamwuliza kama lile bango kuukuu la kliniki yake bado limeegemea ukuta wa nyuma. Nikasema nataka kutengeneza rafu. Akasema nichukue tu. Akanisaidia hata kulibeba mpaka kwangu. Maskini! Anabeba silaha ya kumwangamiza mwenyewe. Nilicheka moyoni mpaka nikajikata kidole.

Alumini safi, urefu wa mtu na nusu. Upande mmoja una maandishi makubwa na picha ya jino linalocheka. Nimeamua upande huo utazame barabara, maana rangi ni laini na upepo hupenda ulaini. Nani husoma tumbo la gari?

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu amegundua. Alikuwa akitafuta mkasi wake mkubwa, akanikuta nao. Hakugomba. Alifanya kibaya zaidi: alishauri. Eti kwanza nikate karatasi, niipachike tumboni, nichore kila tundu, ndipo nikate bati. Eti niache kimlango chini ya nati ya kumwagia oili. Eti nisipige ribiti, zile pini zisizofunguka, nitumie vishikizo vya kuzungusha, ili mabamba yafunguke yanapotakiwa kufunguka. Nikamwambia gari si blauzi. Akasema ni kweli, blauzi yeye huwa haharibu. Kisha akachukua mkasi wake, ambao sasa haukati hata siagi.

Nimekata kwa macho. Macho yangu ni mazuri.

Jumanne, 4 Juni

Nilianza na mabamba mawili ya nyuma, la kushoto na la kulia. Nikakunja kingo kwa nyundo, kazi ya kupendeza. Nikaingia chini kuyajaribu. Kumbe ukilala chali chini ya gari, kushoto kunakuwa kulia! Hili hakuna aliyeliandika popote. Sasa nina mabamba mawili ya kushoto.

Nimekata jingine. Bango likaisha kabla gari halijaisha. Likabaki pengo chini ya giaboksi.

Lakini mchagua jembe si mkulima. Jikoni, nyuma ya ndoo ya unga, kuna sinia kubwa la alumini la mama mkwe. Alikuja nalo kwa sababu haamini masinia yetu. Nikalipeleka chini ya gari kulijaribu tu. Likakaa kama lilizaliwa humo. Nimelitoboa matundu manane, si zaidi.

Jumatano, 5 Juni

Kazi imekwisha! Gari limefunikwa tumbo lote kama kobe. Ribiti sitini na nne. Spana namba kumi na tatu haionekani. Miwani yangu ya kusomea nayo haionekani.

Nimelijaribu barabarani. Linapaa! Ila kila kona inatoa sauti: kling, halafu krrr, halafu kling. Spana imepatikana, kwa maana kwamba najua iliko. Muuza duka jirani akauliza kama nimebeba vikombe. Nikamjibu hiyo ndiyo sauti ya kasi.

Mama mkwe ametafuta sinia lake kutwa nzima. Nimemsaidia. Nimetafuta mpaka uvunguni mwa kitanda chake. Akasema wakwe wa namna yangu siku hizi hawazaliwi.

Alhamisi, 6 Juni

Injini inachemka. Joto lilikuwa likitokea chini, sasa halina pa kutokea. Mke wangu alinusa harufu kutoka dirishani, akasema hata koti la mvua huachiwa matundu ya kwapani. Nilichukua tindo nikapiga matundu. Wazo lilikuwa langu tangu jana.

Jambo jingine. Nimejumlisha: bango, sinia, ribiti na spana vimeongeza kilo kumi na nane. Gari jepesi limenenepa! Nimetoa tairi la akiba, jeki, redio na zulia. Bado kilo saba. Hizo nitazitoa mwilini mwangu. Kuanzia sasa hadi Jumapili, maji na tango tu.

Ijumaa, 7 Juni

Siku mbaya. Nilikuwa nakwenda kazini (idara ya mizani na vipimo, mwaka wa kumi na tisa sasa). Nikavuka tuta. Kitu kikakwaruza. Baada ya hapo gari likawa zito, likaguna njia nzima kama ng'ombe mgonjwa. Mlinzi wa getini akainama, akauliza mzigo huu ni wa idara gani.

Bamba la pili lilikuwa limefungua mdomo kama koleo. Limechota mchanga, majani, chupa mbili na kandambili moja ya kushoto. Bosi alikuwa dirishani. Alikaa dirishani muda mrefu.

Nyumbani mke wangu akaeleza, bila kuulizwa, kwamba kila bamba lilitakiwa kufunika ukingo wa lile linalofuata nyuma yake, kama vigae vya paa. Mimi nimepanga kinyume. Nikasema ndivyo nilivyokusudia, nikaenda kulipiga nyundo mpaka likafunga mdomo.

Tango nimelila kwa awamu mbili. Mbegu nimeziweka za kesho.

Jumamosi, 8 Juni

Ee Mola! Kila kitu kimeharibika.

Leo ilikuwa siku ya ukaguzi wa magari ya mbio. Wanaklabu wote tisa walikuwepo na familia zao. Mkaguzi wetu ni fundi mstaafu mwenye sharubu nyeupe ambaye hajawahi kuonekana akicheka. Sikujua kwamba mwaka huu gereji ya klabu ina lifti ya kunyanyulia magari. Akaliingiza gari langu, akabonyeza kitufe, gari likapanda juu ya vichwa vyetu, na watu wote wakainua macho.

Bango la shemeji lilikuwa likisema: Karibu kliniki yetu, tunang'oa meno bila maumivu, leta familia yote. Nilipolikata yalibaki maneno machache, na mkaguzi akayasoma kwa sauti, polepole, kama anasoma wosia: "Karibu. Tunang'oa. Familia yote." Na nusu ya jino, likicheka.

Shemeji alilitambua bango lake. Alicheka mpaka akalazimika kukaa juu ya tairi. Bado watu hawajatulia, mama mkwe akanyoosha mwavuli juu.

"Lile si sinia langu?"

Mkaguzi akasema hapana mama, hilo ni giaboksi. Mama mkwe akamjibu kwamba ameishi miaka sabini na moja na hajaona giaboksi yenye maua ya waridi pembeni. Wote wakanitazama. Nikasema hata mimi nashangaa limefikaje huko.

Hukumu: oili haiwezi kumwagwa, kuna kitu kinagonga ndani, na bomba la moshi limeanza kuunguza rangi. Mkaguzi akasema gari hili halipandi hata ngazi. Nina mpaka kesho saa mbili asubuhi.

Niwe mkweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Gari hili nililinunua kabla sijaoa. Ndicho kitu pekee maishani nilichowahi kuchagua bila kumwuliza mtu. Nilienda kusimama nyuma ya gereji nikajifanya nakagua ukuta. Mke wangu akanifuata. Hakuwa akicheka.

"Lirudishe nyumbani," akasema. "Na usiguse kitu chochote."

Saa saba mchana alikuwa amevaa suruali yangu kuukuu, yuko chini ya gari na karatasi, chaki na futi yake ya shingoni. Ribiti zote akazing'oa. Alimwomba kaka yake vishikizo vya akiba na bati lililobaki kwa fundi wake. Shemeji akaleta mwenyewe, bila kutabasamu hata mara moja, jambo ambalo lilinitisha. Mimi nilipewa kazi ya kushika taa. Baadaye nikanyang'anywa taa.

Kabla jua halijazama mabamba manne yalikuwa yamekaa kama ngozi ya mwili. Kila ukingo umefunika mwenziwe. Kuna pumzi kwa injini na kimlango kwa oili. Ndani ya yale yangu vilitoka: spana, miwani, penseli mbili, na kandambili ya kulia. Sinia limeoshwa, limerudishwa. Mama mkwe analishikilia juu, anahesabu matundu dhidi ya mwanga.

Nikamwuliza mke wangu kwa nini anahangaika, wakati akiniacha tu banda linakuwa lake. Akasema akishinda anataka ashinde yeye, si mwenzake ajiangushe. Nimefikiria sana. Sijui kama nilisifiwa.

Jumapili, 9 Juni

Mkaguzi alilala chini ya gari na tochi kwa muda mrefu. Alipotoka akauliza nani amekata. Nikasema sisi. Mke wangu akakohoa.

Zamu yangu ikafika. Mstari, bendera, kilima mbele. Na siku tatu za tango tumboni! Mguu wa kushoto ukaanza kutetemeka juu ya klachi. Gari likaruka, likazima. Nikawasha. Likazima. Mara ya tatu niliona vilima viwili, na sikujua nipande kipi. Mama mkwe akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba mkwe wake amegeuka rangi ya majivu.

Sheria inasema gari likikosa kuondoka mara tatu linatolewa, isipokuwa kama kuna dereva mwingine wa familia mwenye leseni. Mkaguzi alisoma sheria hiyo akimtazama mke wangu.

Mlango ukafunguliwa. "Shuka," akasema. Kisha, kwa upole kidogo, "Shuka, mume wangu, utaanguka."

Akavua viatu. Akavaa kofia yangu ngumu, ikamkaa vizuri kuliko inavyonikaa mimi. Akaondoka.

Nilikaa chini ya mwavuli na mama mkwe. Alinipa mkate na mayai mawili, nikasahau kutafuna. Nilikuwa nasikiliza. Hakuna kling. Hakuna krrr. Mlio ulikuwa unapanda kona baada ya kona, umenyooka kama mshono. Nikajikuta nimesimama. Kisha ukapotea nyuma ya miamba, na sijawahi kusikia kimya kirefu namna ile.

Redio ya mkaguzi ikakoroma. Amefika juu! Dakika mbili na sekunde kumi na moja!

Shemeji alitumia mbili na kumi na nne. Alikaa juu ya tairi, safari hii bila kucheka, kisha akainuka akapiga makofi mpaka mikono ikawa myekundu. Mimi niliingiwa na vumbi machoni. Macho yote mawili.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepumzishwa nyumbani kwa amri ya mama mkwe.

Ahadi ni ahadi: gari limefika juu, linabaki bandani. Nililitangaza hilo kabla ya chai. Mke wangu akakubali bila ubishi.

Saa tatu shemeji akaja, akiomba apimiwe mabamba upya, kwani ya kwake yanapiga kelele kwenye mteremko. Saa nne wakaja wanaklabu wengine wawili. Saa tano, mkaguzi mwenyewe, kofia mkononi. Gari langu likaombwa lisogee kidogo. Halafu kidogo tena. Sasa liko nje, chini ya turubai, karibu na mapipa ya taka. Vyerehani bado viko sebuleni. Nimekwenda kumlalamikia mama mkwe kama shahidi. Akasema gari lilipewa haki ya kubaki, halikupewa haki ya kubaki peke yake. Bado ana kinyongo cha matundu manane.

Lakini nani aliyeleta mabamba katika nyumba hii? Mimi! Nisingeharibu, yeye angerekebisha nini? Nitamweleza akipata nafasi.

Tuache hayo. Sekunde tatu ni chache, shemeji atazirudisha mwakani. Gari sasa linahitaji bawa la nyuma, la kuukandamiza mkia kwenye kona. Nimesoma robo saa nzima. Unatakiwa ubao mpana, mwembamba, usio mzito. Kabati la chumbani kwetu lina milango miwili, na nguo hazijawahi kukimbia kwa sababu ya mlango mmoja kukosekana. Nimekwisha kuung'oa. Mke wangu yuko chini ya gari la mkaguzi, haoni kitu.

Kioo kirefu kilichobandikwa juu yake nimekiacha hapo hapo. Kitanifaa kumwonea shemeji huko nyuma.