Kamati Imenifukuza Kwenye Maiki kwa Sheria ya Waathene

Leo nimeadhirika. Kwa kura. Kura halali kabisa, nilizozisimamia mwenyewe kwa mikono yangu miwili.

Ndugu zangu wa humu, ndiyo kwanza nimeingia nyumbani hapa Wheaton, hata viatu sijavua, na hasira bado haijanitoka. Wengi mnanijua, lakini kwa wageni nieleze kidogo. Mimi ni Mwalimu Tumaini. Iringa nilifundisha historia sekondari. Huku Maryland nasaidia darasani katika shule ya watoto, na wiki hii watoto wanasoma habari za Wagiriki wa kale. Napenda kueleza mambo mpaka mtu aelewe. (Sioni kosa lolote katika hilo. Endeleeni kusoma mtaona wenzangu wanavyoliona.)

Lulu, mtoto wa marehemu kaka yangu, anaolewa. Nimemlea mimi tangu alipofika nchi hii akiwa mdogo. Na kwetu, siku ya sendofu, yaani sherehe ya kumuaga binti, shangazi ndiye anayeshika maiki na kumkabidhi kwa wakwe. Hotuba ile ni yangu. Nimeisubiri miaka yote hii. Kitenge kimeshashonwa.

Leo mchana tulikuwa na kikao cha kamati ya sendofu, kule Langley Park, katika chumba cha chini cha kanisa la Pasta Kasongo. Pasta ni Mkongo, mpole, hajawahi kutudai hata senti ya umeme. Mwenyekiti wetu ni Mama Chebet, nesi Mkenya, ambaye huja kikaoni moja kwa moja kutoka zamu na hutaka jambo moja tu maishani: kikao kiishe akalale. Na kikao hakiishi kwa sababu ya mtu mmoja. Bwana Shirima wa Moshi.

Shirima si mtu mbaya. Ana kasoro moja, hakubali jambo lililoisha. Tulishaamua pilau. Tuliamua kikao kilichopita, na kile cha kabla yake. Leo, kabla watu hawajakaa vizuri, akasafisha koo na kuanza kuhusu ndizi nyama.

Mama Chebet akafumba macho. "Bwana Shirima, hiyo tulimaliza."

"Tulimaliza kuijadili, Mama. Hatukumaliza kuielewa."

Nikasimama. (Hapo ndipo mtu mwenye akili zake angekaa.)

Nikawaambia kwamba Waathene wa kale walipata shida hii hii na wakaitafutia dawa. Acha niwaeleze na ninyi, maana ni jambo zuri, na si kosa lake kwamba limenigeukia. Athene ilijitawala yenyewe, hapakuwa na mfalme. Wananchi walikusanyika, wakajadili, wakaamua. (Wananchi maana yake wanaume walio huru. Wanawake, watumwa na wageni hawakuhesabiwa. Hilo nalo niliwaeleza, sikuficha.) Hofu yao kubwa ilikuwa atokee mtu mmoja mwenye sauti nene kiasi kwamba wengine wasisikike. Basi kila mwaka waliulizana kama yupo mtu wa kupumzishwa. Wakisema yupo, inapangwa siku, na kila mmoja anachukua kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, anakwaruza jina juu yake. Vigae ndivyo vilikuwa karatasi chakavu za wakati huo. Mwenye vigae vingi anaondoka mjini miaka kumi. Nyumba inabaki yake, shamba linabaki lake, na muda ukiisha anarudi na heshima zake zote. Walipumua bila kumwaga damu ya mtu.

Mjue walinisikiliza. Mama Chebet alifumbua macho. Shirima mwenyewe aliuliza maswali mazuri, nikafurahi kama nilivyokuwa nikifurahi darasani.

"Hata kama huyo mtu hana kosa?"

"Hata kama hana kosa, Bwana Shirima. Si mahakama ile."

"Na hajitetei?"

"Hajitetei. Hakuna mashtaka, sasa atajitetea kwa lipi?" Nikampigapiga begani. Nilimwonea huruma, nawaambia ukweli.

Mama Chebet akauliza sisi tutamfukuza mtu aende wapi, maana hatuna mamlaka ya kumtoa mtu Maryland. Swali la maana. Nikajibu kwamba tutamtoa kwenye maiki. Atakuja kwenye shughuli, atakula, atacheza, atachanga kama kawaida, ila hatashika maiki katika shughuli yoyote ya kamati hii kwa miaka kumi. Nikawatazama wote kwa upole, kisha nikamtazama Shirima kwa upole zaidi.

Sasa, kamati yetu ina desturi moja. Jambo likishaombewa halirudi mezani. Tuna Wakristo, tuna Waislamu, na wote tunaiheshimu desturi hiyo, kwa sababu bila hiyo tungekuwa bado tunajadili rangi ya vitambaa vya meza. Pilau ilikosewa hapo tu: kikao kile Pasta alikuwa na mafua, hatukufunga kwa maombi. Nikasema leo tusirudie kosa. Nikapendekeza, mimi, kwa mdomo wangu huu, kwamba Pasta aombe kwanza, kabla hata ya kura, ili matokeo yoyote yatakayotoka yawe yamefungwa.

Pasta akaomba vizuri sana. Aliniombea na mimi, kwa hekima niliyopewa.

Vigae nilikuwa navyo kwenye gari. Watoto wa darasa langu walivunja vyungu vya maua kwa ajili ya somo hili hili, na sanduku lilikuwa bado kwenye buti. Nilikimbia kulichukua. Mnajua pale barabara ilivyochimbwa kwa ajili ya reli, nikapita kwenye mbao na vifusi nimekumbatia sanduku, natabasamu. Mtu mzima. Nilirudi nikagawa vigae na kalamu nene, nikawaonyesha na namna ya kukunja mkono ili jirani asione.

Nikaandika changu. Shirima. Mwandiko safi.

Hapo akanijia Bibi Koku, mama mtu mzima wa Bukoba ambaye sote tunamwita bibi. Ameshika kigae chake.

"Mwanangu, miwani nimeacha nyumbani. Niandikie."

"Bila shaka, bibi. Niandike jina la nani?"

"La kwako."

Nikadhani uzee. Nikamweleza polepole kwamba hapa tunaandika jina la mtu tunayetaka apumzike kuzungumza.

"Ndiyo," akasema. "Wewe unajua linavyoandikwa."

Waliosoma historia watalikumbuka tukio hili. Kule Athene palikuwa na kiongozi aliyesifika kwa uadilifu. Siku ya vigae, mtu asiyejua kuandika alimfuata bila kumtambua, akamwomba amwandikie jina la kiongozi huyo huyo. Kiongozi akamuuliza, amekukosea nini? Akajibiwa, hajanikosea, nimechoka tu kusikia kila mahali anaitwa mwadilifu. Yule bwana akanyamaza, akaandika jina lake mwenyewe, akarudisha kigae. Nimekifundisha kisa hicho miaka mingi na kila mara nilisema: huo ndio ustaarabu.

Lakini yule mpiga kura hakumtambua mtu aliyesimama mbele yake! Bibi Koku ananijua. Juzi nimempeleka kliniki. Nimemweleza dawa zake zote, moja moja, njia nzima kwenda na kurudi.

Niliandika. Ningefanyaje? Watu walikuwa wanatazama.

Nikajifariji kwamba ni kigae kimoja. Nikakusanya vyote, nikasimama mbele, nikaanza kusoma kwa sauti. Cha kwanza kilisema Shirima. (Kilikuwa changu.) Cha pili, Mwalimu. Cha tatu, Mwalimu Tumaini. Kilichofuata, Mwl. T. Halafu Mwalimu, halafu Mwalimu, mwingine kaandika "Mwalimu jamani". Kimoja kiliandikwa Shangazi na pembeni kimechorwa moyo. Katika chumba kile nina mtoto mmoja tu anayeniita shangazi.

Sikuacha kusoma. Nataka hilo lijulikane. Msimamizi wa uchaguzi hakimbii hesabu.

Nilipomaliza nikauliza, kwa utulivu, nimekosa nini. Nilistahili kujibiwa. Shirima ndiye aliyejibu, tena kwa adabu ya kuudhi.

"Mwalimu, ulisema si mahakama."

Nikasema basi nipewe nafasi ya kujitetea. Wakatazamana. Nikakumbuka mwenyewe. Nikasema lile lilikuwa somo, zoezi tu, tupige kura ya kweli sasa. Pasta Kasongo akanishika mikono yote miwili, macho yamejaa huruma.

"Mama Mwalimu, tulisha kuomba. Bon. Iko mwisho."

Wanafunzi wangu wa Iringa hawakuwahi kulielewa somo vizuri namna hii. Hata mmoja!

Ndipo Mama Chebet akatoboa siri. Akasema hakuna mtu ana shida na mimi, shida ni pilau. Kumbe watu bado wameweka moyoni sendofu ya binti mmoja pale Bladensburg, ambako nilipewa maiki nimuase bibi harusi. Nilimweleza vita vya Athene na Sparta. Ni somo muhimu kwa ndoa! Nyumba mbili zenye nguvu, kila moja inaona mwenzake amezidi kukua, hakuna anayetaka kushuka, wanapigana mpaka wote wamechoka, na jirani wa kaskazini anakuja kuwachukua wote kwa urahisi. Mke na mume wakilisikia hilo hawatagombana kamwe. Inasemekana pilau ilipoa. Inasemekana wenye ukumbi walikuja kuzima taa kabla sijafika kwenye tauni iliyoipiga Athene. Mimi nakumbuka watu walikuwa kimya wanasikiliza, Mama Chebet anasema walikuwa wamelala.

Nikamgeukia Lulu. Alikuwa amekaa nyuma, anasoma simu ambayo haikuwa imewashwa. Lulu Kiswahili anakisikia vizuri, ila akibanwa hukimbilia Kiingereza.

"Shangazi, I love you," akasema. "Sana. Lakini siyo na maiki."

Niliinama kuokota vigae.

Mngetegemea waniache hapo. Hapana. Mama Chebet akauliza sasa nani atasema maneno ya shangazi, na Shirima, ambaye kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa amesikiliza jambo mpaka mwisho, akawakumbusha kwamba Mwalimu aliwahi kusema Athene vyeo vingi walivitoa kwa bahati nasibu, wakiamini raia yeyote anaweza kazi ya raia. Ni kweli nilisema. Nililisema kwenye kikao cha kupanga viti. Wakaandika majina kwenye vijikaratasi, wakavitia katika bakuli la karanga, Bibi Koku akachovya mkono.

Shirima.

Mchaga mwenye ndevu ndiye shangazi wa binti wa Kihehe. Pasta akaomba tena haraka, na Mama Chebet akachukua mkoba wake.

Nilikwenda kwenye gari nikakaa. Sikulia. Nilikuwa natafuta funguo kwa muda mrefu. Mara kioo kikagongwa. Shirima. Nikashusha kioo kidogo, kiasi cha kupitisha hasira.

"Mwalimu," akasema, "mimi sijui kuwa shangazi."

Alikuwa anatoka jasho, na leo kuna baridi. Akaniomba nimwambie la kusema, akatoa simu anirekodi ili asisahau. Nilitaka kumwambia aende akaeleze ndizi nyama. Lakini ni sendofu ya Lulu, si ya Shirima, na akiharibu ataharibu ya Lulu. Nikafungua mlango akaingia.

Nikaanza mwanzo. Huwezi kueleza maana ya kumkabidhi binti bila kueleza kwanza nyumba ilikuwa nini kwa watu wa kale, na huwezi kueleza nyumba bila mji. Nilipofika kwenye mji, simu yake ikalia. Nafasi ya kurekodi imejaa.

"Mwalimu," akasema taratibu, "Lulu alipofika, alikuwaje?"

Nikamwambia. Alikuja wakati wa baridi, baba yake ameshazikwa, kashikwa mkono na mhudumu wa ndege. Usiku alilala na viatu vya shule miguuni. Nilimvua, akavivaa tena. Nilipomuuliza, akasema labda kesho tunahama tena. Alilala na viatu mpaka masika yakaingia. Asubuhi moja nikavikuta vimepangwa mlangoni, kando ya vyangu.

Shirima alitazama mbele, kwenye mashine za kuchimba barabara. Halafu akasema hiyo ndiyo hotuba. Ataisema hivyo hivyo, na mimi nitasimama kando yake na kitenge changu nimemshika Lulu mkono, halafu atawaambia wakwe kwamba shangazi mwenyewe ndiye huyu, amemkabidhi.

"Nitasimama tu?"

"Utasimama tu. Tuliomba, Mwalimu."

Nikamwambia hotuba hiyo bila Wagiriki haitaeleweka. Akasema ameielewa. Akashuka, akafunga mlango polepole kama wa hospitali.

Basi ndivyo ilivyo. Nitasimama mbele ya wakwe mdomo umefungwa kama kopo, mzungumzaji ni Shirima, na hayo yote yamefanyika kwa utaratibu safi ambao siwezi kuutia dosari hata mahali pamoja. Naomba mtu yeyote humu asicheke. Na kama umeshacheka, nipigie simu nikueleze kwa nini hukupaswa, haitachukua muda.