Ushindi Wangu wa Sekunde Arobaini na Moja

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mbio za Koni.

YAH: KUFUNGIWA KWANGU NA KIKOMBE CHANGU KUKAA KWA MTU MWINGINE

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea heshima za mzee wa miaka sabini na nne, mwenye meno kumi na tisa ya kwake mwenyewe. Hayo meno unayajua, maana wewe ndiye daktari wa meno uliyeyahesabu. Nimeshawazika mameneja wanne, nimeyaacha makaburini malori matatu, na nimemzika daktari mmoja aliyenikataza chumvi. Yeye chumvi hakuigusa kabisa.

Barua yenu ya Jumanne imeniita "mshiriki namba 27" kama mgonjwa wa wodini, kwa hiyo nijitambulishe. Mimi ndiye Mzee Tangi. Kwa miaka thelathini na moja nimeendesha lori la kunyonya vyoo. Mgongoni nilibeba lita elfu kumi za vitu ambavyo mwenye akili hataki viyumbe, na sikumwaga hata tone. Hao madereva wenu wa mbio waje waseme hivyo. Na wakati wote huo watu walinipita barabarani wameziba pua. Walinipita wenye mabasi, wakanipita wenye baiskeli, na siku moja kwenye mlima alinipita mtu anayesukuma toroli la matofali, akaniangalia kwa huruma. Siku ile niliapa kwamba nikistaafu, na mimi kuna siku nitakwenda mbio.

Ndiyo maana barua yenu imeniuma. Mnasema sitapangwa kwenye mbio za mwisho wa mwaka, Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, mpaka nithibitishe kwamba naweza kumaliza mzunguko wa zile koni zenu za plastiki, gari moja moja kwa saa, chini ya dakika mbili, kwa kuwa nachelewesha ratiba. Mnadai kwenye mbio zilizopita nilitumia dakika tatu na sekunde arobaini na sita, na mshindi, yule fundi simu, sekunde arobaini na tatu. Shule niliishia darasa la nne, lakini kutoa na kujumlisha tulishamaliza. Nimekaa mezani na penseli siku mbili, na nimegundua kwamba mshindi ni mimi. Sababu nazipanga kwa namba ili kamati isipotee.

1. Mlinipanga kundi nisilostahili. Gari langu ni gari la nyumbani. Jumatatu linampeleka mke wangu kliniki, Jumatano linabeba saruji, Ijumaa linabeba wajukuu na mikoba yao. Mkwe wangu, ambaye ni fundi magari na alimwoa binti yangu kwa heshima zote, alilikata springi likakaa chini, akalitia matairi mapana, akabadilisha bomba la moshi. Hayo nayakubali. Ila mkaguzi wenu alipoona lile bawa la nyuma, aliniandika kundi la magari yaliyogeuzwa kuwa ya mbio, pamoja na mashine zinazotema moto. Mwenyekiti, lile si bawa. Ile ni rafu ya kabati la mke wangu. Rafu ya kabati, hata ukiifunga kwa boliti nane na kuipaka rangi nyekundu, ni rafu ya kabati. Mke wangu yuko tayari kuja kuitambua, na amekuwa tayari tangu siku ilipopotea.

Nikiri pia kwamba tangu springi zikatwe, tuta la mtaani kwetu silivuki tena, nazunguka kilomita mbili. Na mke wangu kushuka ni mpaka avutwe na watu wawili. Hayo ni mambo ya ndani, kamati isiyaingilie.

2. Saa ilianza kabla yangu. Pale pa kuanzia mmeweka kamashine kenye jicho jekundu. Ukipita mbele yake, saa inahesabu. Hakuna aliyeniambia. Mkwe wangu aliinama dirishani akasema, "Baba, ukitoka usifikirie kitu, kanyaga tu." Basi nikasogea kidogo, nikalipita jicho, nikasimama kama mtu mzima. Nikarekebisha kioo cha kati, nikarekebisha vioo vya pembeni, nikafunga mkanda vizuri, nikaomba dua. Nani anaanza safari bila dua? Mama mwenye duka la dawa, anayeshika saa yenu, alikuwa ananipungia mkono kwa nguvu. Nikampungia na mimi. Nilidhani ni salamu. Sekunde thelathini na nane.

3. Mliniadhibu kwa adabu yangu. Kwenye kona ya tatu niligusa koni, ikaanguka. Sheria yenu inasema koni moja ni sekunde mbili za adhabu, na dereva aendelee na safari yake. Aendelee? Kazini kwetu ukigonga kitu cha watu, hata kama ni mfuniko wa ndoo, unashuka, unakirudisha pale pale, ndipo unaondoka. Dereva anayeangusha na kukimbia tulimwita mhuni. Basi nilizima gari, nikavuta breki ya mkono, nikashuka, nikafunga mlango kwa ufunguo kwa sababu uwanja ulikuwa umejaa watu nisiowajua, nikaisimamisha koni, nikaifuta vumbi. Kurudi, ufunguo ukakataa kidogo. Sekunde sabini na mbili. Halafu juu yake mkaniongezea zile mbili za adhabu. Yaani nimevunja sahani, nimenunua sahani mpya, na bado natozwa sahani.

4. Hapa kuna mambo mawili. Kijana wa bendera anayezisimamia koni alikuwa anavuka na chupa yake ya maji. Nikasimama, nikampa njia. Akanipa ishara nipite. Nikamwambia kwa mkono, hapana, pita wewe. Naye ana adabu, akakataa. Tukakaa hivyo sekunde ishirini na tano. Hilo silalamiki, wazazi wake wamelea.

La pili nalalamika. Mtangazaji wenu, yule muuza nyama, aliutangazia uwanja mzima kwa kipaza sauti, "Mabibi na mabwana, mzee ameegesha." Watu wakacheka, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa mke wangu, sauti ile nimeishi nayo miaka arobaini na nane, siwezi kuikosea. Nilishusha kioo nikamweleza muuza nyama kwamba mtu aliyewasha indiketa ya kushoto hajaegesha, anakata kona. Akanijibu kwa kile kile kipaza sauti, "Basi kata, mzee wangu, jua linazama." Ilikuwa saa tano asubuhi. Kumfahamisha vizuri kulichukua sekunde hamsini.

5. Sasa hesabu. Dakika tatu na sekunde arobaini na sita ni sekunde mia mbili ishirini na sita. Toa thelathini na nane za dua na vioo. Toa sabini na mbili za koni. Toa ishirini na tano za adabu. Toa hamsini za muuza nyama. Zinabaki arobaini na moja. Fundi simu ana arobaini na tatu. Na bado sijatoa zile mbili za adhabu, hizo nawaachia kamati kama zawadi.

6. Ila msidhani nimemaliza. Usiku niliamka kunywa maji nikakumbuka indiketa. Mzunguko wenu una kona kumi na nne. Mimi niliwasha indiketa kwenye kona zote kumi na nne, kushoto na kulia, na kila mara niliizima. Fundi simu hakuwasha hata moja. Nilikuwa namtazama kwa makini, maana mtu anayezunguka bila indiketa akiwa peke yake, siku akiwa na wenzake atawaua. Tukimtoza sekunde tano tu kwa kila kona, anafika dakika moja na sekunde hamsini na tatu. Hapo kila aliyeshindana siku ile, kwa sheria hiyo hiyo, yuko nyuma yangu kwa zaidi ya dakika nzima, na mimi si mshindi tu wa siku, ni mshindi wa mwaka.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu: nifunguliwe nishindane Jumapili hiyo ya mwisho, fundi simu alete kikombe nyumbani kwangu, akifika apige honi mara mbili tu, koni zijazwe mchanga, pachorwe kivuko cha miguu kwa ajili ya vijana wa bendera, na muuza nyama aseme kwa kipaza sauti kile kile, kwa sauti ile ile, kwamba mzee hakuegesha.

Msiseme nimezeeka. Ng'ombe hazeeki maini. Macho yangu yanasoma namba ya gari kutoka ng'ambo ya barabara. Mguu wangu wa kulia ni mzima kabisa. Tatizo lake moja ni kwamba umekanyaga breki kwa miaka thelathini na moja, na mkwe wangu anasema ukiwa kwenye mafuta unakaa kama mgeni.

Nisalimie kamati nzima, mama wa duka la dawa, kijana wa bendera na wazazi wake, fundi simu na hilo gari lake linalokohoa. Muuza nyama mpe nusu ya salamu, nusu nyingine atapewa akishatubu. Na wewe mwanangu, jino lile la nyuma limetulia, Mungu akubariki.

Ni mimi niliyeonewa hadharani,
Mzee Tangi,
gari namba 27.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha. Mke wangu, baada ya kusomewa hesabu yangu, alisema, "Mume wangu, kama ni arobaini na moja, twende ukanionyeshe." Sikuweza kukataa. Tumekwenda asubuhi hii kwenye uwanja wa shule iliyofungwa, tukapanga ndoo kama zilivyokuwa koni zenu, kona kumi na nne. Dua niliomba nyumbani. Vioo vilirekebishwa kabla. Hakuna ndoo iliyoanguka, hakuna mtu aliyevuka, hakuna muuza nyama. Mke wangu alikaa garini kiti cha pembeni yangu, saa ya simu mkononi. Nilikwenda kwa nguvu zangu zote, Mwenyekiti, mpaka sikio liliziba. Nilipomaliza nikamwuliza, "Ngapi?" Akaitazama saa, akaitazama tena, akanishika bega. Dakika tatu na sekunde hamsini na moja.

Nimezidisha sekunde tano. Kumbe wale wote niliowalalamikia walikuwa wananiharakisha.

Basi yote niliyoandika hapo juu, kuanzia la kwanza mpaka la sita, yafute. Kikombe kikae kilipo. Lakini jina langu usilifute. Kama shida ni ratiba, nipange wa mwisho kabisa, watu wakishaanza kukunja turubai na mama wa duka la dawa akishazima kamashine kake. Hapo hakuna wa nyuma yangu nitakayemchelewesha. Niachieni koni tu, nizipite polepole, nitazikusanya mwenyewe nikimaliza.

Shahidi wa haya yote ni mke wangu. Tulikuwa tumepitia dukani, na mapajani alishika trei ya mayai mwanzo hadi mwisho wa mzunguko. Tumeyahesabu mara mbili tulipofika nyumbani. Yote thelathini ni mazima.