Turudishieni Nyota za Mwongozo wa Mashine ya Kudarizi

Atelye ya Sare za Shule,
Busanza, Kigali

Kwako Bi Aurore, Mkurugenzi wa kampuni iliyotuletea mashine ya kudarizi,

Bi Mkurugenzi,

Natumai barua hii inakukuta mzima, tena umekaa, maana si ya kusomwa na mtu aliyesimama. Mimi ni Twahiru, fundi mzee kuliko wote katika atelye yetu ya kushona sare hapa Busanza, na ndiye msomaji wa mwongozo wa mashine yenu. Au niseme nilikuwa. Ndiyo sababu nakuandikia.

Mlipotuletea mashine ile inayodarizi kwa kompyuta, mlituletea na mwongozo wake kwa Kiswahili, na kwa hilo Mungu awalipe. Mwongozo ulikuja na alama. Maneno mengine yalikuwa na nyota mbili mbele na nyota mbili nyuma. Vichwa vya habari vilitanguliwa na kitu kama nondo za dirisha. Na sentensi nyingine zilianza na alama iliyochongoka kama mdomo wa ndege. Wenzangu waliutazama wakakata tamaa. Mimi niliuchukua nyumbani, nikahangaika nao mpaka nikauelewa, nikarudi kuwafundisha. Nyota mbili: fanya mara mbili. Nondo: simameni, kazi mpya inaanza. Mdomo wa ndege: semeni wote kwa pamoja. Tangu hapo kila asubuhi, kabla kazi haijaanza, mafundi walikuwa wanakusanyika kwenye meza yangu, mimi nasoma, wao wanafuata. Macho yangu hayawezi tena kutunga uzi kwenye sindano, Bi Mkurugenzi, lakini maandishi makubwa ya mwongozo wenu niliyaweza.

Sasa amekuja mtaalamu wenu, Cyusa. Aliutazama mwongozo wetu akacheka. Yaani alicheka! Akasema zile alama hazikuwa za watu, zilikuwa za kompyuta, za kuiambia neno gani linenepeshwe na lipi liwe kichwa cha habari, na kwamba mwongozo ulichapishwa kwa bahati mbaya kabla ya kupitishwa kwenye programu ya kuusafisha. Akaenda akaupitisha. Akatuletea mpya. Maneno yamenenepa kweli, lakini nyota hakuna hata ya dawa.

Malalamiko yangu ni haya. Nayaandika kwa namba ili kampuni isipate pa kujifichia.

1. Uimara wa nembo. Maneno ya kushona pindo la nembo yalikaa katikati ya nyota, kwa hiyo sisi tulishona pindo lile mara mbili. Nembo zetu zilikuwa hazibanduki. Mtoto wa shule aliweza kuvutwa shati na darasa zima, shati likaisha, nembo ikabaki kifuani. Leo tunashona mara moja, kama watu wengine tu.

2. Joto. Maneno ya kuzima mashine nayo yalikuwa na nyota zake. Basi kila jioni tulibonyeza kitufe mara mbili, na kila asubuhi tuliikuta mashine ina joto lake, taa yake inatuangalia, kama mwenyeji aliyewahi kuamka ili atupokee. Tangu mmeusafisha mwongozo, tunabonyeza mara moja na tunaikuta baridi. Wallahi inatia huzuni. Mashine iliyokuwa hailali, mmeilaza.

3. Usalama kazini. Mdomo wa ndege ulikuwa kwenye onyo la kutokuweka kidole chini ya sindano. Onyo hilo tulilisema kwa sauti moja, mpaka wenye duka la simu la jirani wakalijua kwa moyo, nao hawana sindano. Sasa wiki hii fundi wetu Munyaneza amechomwa kidole. Sisemi kwamba ni Cyusa aliyemchoma. Nasema ndege alikuwepo, mkamfukuza, mtu akachomwa. Yaliyobaki jazeni wenyewe.

4. Migongo. Fundi hukaa kutwa. Nondo ndizo zilizokuwa zinamwinua.

5. Hili linanikosesha usingizi. Cyusa alisema wazi kwamba alama ambayo msomaji haihitaji ni uchafu, na uchafu huondolewa. Haya, Bi Mkurugenzi, nembo ni nini kama si alama juu ya kitambaa? Sisi tunakula kwa alama! Leo ni mwongozo. Kesho ataingiza sare kwenye programu yake, na watoto wa Busanza, wa Gahanga na wa Ndera watoke wote na mashati matupu, walimu washindwe kujua yupi ni wa shule ipi, kila mtoto arudi na mwalimu aliyemkuta karibu. Keshokutwa atasafisha hina mikononi mwa bibi harusi, na bwana harusi ashindwe kujua ni yupi kati ya wale dada. Kisha ataondoa mistari myeupe barabarani, pale tunapovukia. Na siku atakapomaliza yote hayo, atanitazama mimi usoni, aone makunyanzi, aseme hizi nazo ni alama za kompyuta zilizosahauliwa, zee hili lipitishwe. Nitakwenda wapi?

6. Hili si kubwa, ndiyo maana nimeliweka mwisho. Tangu mwongozo mpya ufike, kila fundi anausoma mwenyewe. Wanausoma wima, wanauelewa, wanakwenda kazini. Swafiya, mkuu wa atelye, bado ananimiminia mimi chai wa kwanza, kwa heshima yake, lakini nainywa peke yangu. Asubuhi meza yangu haina mtu. Nimeumia, sitaficha.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Nyota zote zirudishwe, pamoja na nondo na ndege, na azirudishe Cyusa mwenyewe kwa kalamu, moja baada ya nyingine, bila kucheka. Pili, kwa kuwa kampuni yenu inajua kuondoa alama, ijifunze na kuziweka. Matangazo ya viongozi wa mudugudu, ratiba za umuganda wa kusafisha mitaa kwa pamoja, maelezo ya dawa, vyote viwekewe nyota na nondo za kutosha, ili kila mtaa ulazimike kuwa na msomaji wake, na wazee wa Kigali wapate kazi ya asubuhi. Mimi niko tayari kuwafundisha hao wasomaji. Mkikataa, nitalipeleka suala hili kwenye mkutano wa mudugudu, na majirani zangu watakueleza jinsi ninavyoongea nikipewa nafasi.

Nakutakia kazi njema na mashine zenye joto. Nisalimie wahasibu wako, nisalimie mlinzi wa getini aliyeniazima mwavuli, nisalimie na Mama Cécile wa mapokezi aliyenipa kiti kabla sijaomba. Cyusa naye msalimie, ila salamu zake ziwe fupi.

Ni mimi, nikiwa na uchungu na adabu, vyote viwili,

Twahiru
Msomaji wa Mwongozo

Baada ya sahihi: Haya ya chini nimeyaongeza kwa kalamu. Barua hii niliiandika na nyota zake, nondo zake na ndege wake, ili uonje utamu wenyewe. Swafiya akajaribu kuisoma, akasema Mkurugenzi hatavuka hata mstari wa kwanza. Ikabidi nimpelekee Cyusa aipitishe kwenye programu yake. Chai haijapoa, barua ikarudi safi, ndiyo hiyo uliyoishika. Kazi nzuri, siwezi kumsingizia mtu.

Shida ni kwamba sasa inasomeka, na mafundi wote wameisoma. Munyaneza anataka nieleze kwamba alichomwa kidole kwa sababu alikuwa ananitazama mimi, nikimwonyesha kwa mikono kutoka mezani kwangu jinsi ya kushona mara mbili. Swafiya anasema kitufe kikibonyezwa mara mbili, mashine inazimika halafu inawaka tena, kwa hiyo haikuwahi kutupokea, ilikuwa tu haijazimwa kamwe. Kuhusu nembo, shule moja imeshukuru kwamba sasa zinatoka shati likichakaa. Basi, alama kaeni nazo.

Ila leo asubuhi wamekuja wote mezani kwangu, kila mtu na kikombe chake na mwongozo wake safi, na Swafiya akaniomba niwasomee. Nikamkumbusha kwamba sasa kila mmoja anaweza kusoma mwenyewe. Akasema ndiyo, wanaweza, akavuta kiti akakaa. Nikasoma. Nilipofika kwenye kidole na sindano, pale alipokuwa ndege zamani, hapakuwa na alama yoyote, na wote wakalisema lile onyo kwa sauti moja.