Ufunguo wa Skuli ya Zamani

Ibra, Jumamosi, 1 Oktoba 1983

Skuli imehama. Watoto wote wamepelekwa jengo jipya kule barabara kuu, lenye mapanka ya kupepea na matangi ya maji. Si ajabu. Nusu ya mtaa ilishahamia huko, na nusu ya waliobaki wanakwenda Maskati. Skuli ya zamani imebaki peke yake: vyumba, ua mpana, na ubao wenye hesabu ambayo hakuna aliyeimaliza. Nimechungulia dirishani. Wazo likanijia. Ukumbi wa harusi!

Nimeambiwa karani wa ofisi ya liwali kasema jengo watampa mtu wa mtaa mwenye matumizi ya maana. Mwenyewe atakuja kulitazama Jumatano ya tarehe 12. Nani mwenye matumizi ya maana kuliko mimi, Thuwaini bin Sleyum, mtoto wa mjini Unguja?

Nimemweleza mke wangu, Mahfoudha. Hakuinua macho kwenye ungo wa mchele. Kanikumbusha duka la barafu, na ile mashine ya kufuma soksi. Kisha kasema hili ndilo la mwisho. Likianguka tunahamia Samail kwa kaka yake Nadhir, anayeziba pancha, nami nitafanya kazi chini yake. Chini ya Nadhir! Mtu anayeniita "mtaalamu" kila anaponiona, kisha anacheka mpaka anakohoa.

Jumatatu, 3 Oktoba

Nimepata mshindani. Musallam, jirani yetu, aliyerudi kutoka Kigoma, naye anaitaka skuli. Yeye anaiita "shule", watu wa bara ndivyo walivyo. Nimemuuliza ataifanyia nini. Kasema paa la sabla, baraza ya mtaa, limeanguka, na wazee waliobaki hawana pa kukaa wala pa kunywa kahawa. Atawafungulia madarasa wakae.

Basi! Hayo tu! Hana taa za rangi, hana jukwaa la bibi harusi, hana lolote. Nimemwonea huruma kidogo.

Alkhamisi, 6 Oktoba

Leo nimewaita wanawake wa mtaa waje waone ukumbi; mlango wa nyuma haufungi. Nimewapa juisi. Nimewaonyesha darasa la tatu, atakapokaa bibi harusi, na darasa la nne, watakapokula wageni.

Bi Turkiya, ambaye mjukuu wake anaolewa baada ya wiki chache, kauliza kwani nyumba yao ina kasoro gani. Hajapata kusikia harusi ya Ibra ikatoka nje ya nyumba ya wenyewe. Tena mjukuu wake katika darasa la tatu hilohilo kachapwa mikono mpaka ikavimba, hawezi kumrudisha humo siku ya furaha yake. Baada ya kusema hayo akajikalia kwenye dawati la mtoto kupumzika. Kutoka ikawa kazi. Wanawake wakamvuta huku na huku, na dawati likamfuata mpaka mlangoni.

Wamecheka sana. Juisi imekwisha. Hakuna aliyeweka siku.

Jumapili, 9 Oktoba

Nimepata dawa. Karani lazima alikute jengo lina watu na shughuli. Kwa hivyo nimewaalika wazee wote kahawa ya asubuhi, Jumatano hiyo hiyo, ndani ya darasa la kwanza. Madawati nje, mikeka ndani. Mimi nitakaa mbele kabisa, ukutani, juu ya mto mkubwa, na joho nililoazima kwa Mzee Marhoun. Karani akiingia atajua mara moja nani mkubwa wa shughuli.

Na Musallam? Hapa ndipo nilipojisifu mwenyewe. Nimemwomba amimine kahawa. Mshika dele la kahawa husimama asubuhi nzima, akainama huku, akainama kule, kama mtumishi. Nani atampa jengo mtu kama huyo? Kakubali hapo hapo, tena kwa shukrani.

Mahfoudha kaniuliza kama nimesahau kuwa mbele hukaa mgeni, na mwenyeji hukaa karibu na mlango. Nimemjibu kuwa hayo ni mambo ya kizamani. Kaenda zake kutafuta masanduku.

Jumatano, 12 Oktoba

Siku imefika. Wazee wamejaa. Halwa nzuri. Mimi juu ya mto, joho limenikaa vyema.

Karani kaingia, kasalimiana na wote, kisha kaja moja kwa moja kwangu! Kaniuliza hali, watu wangu, mvua. Kanitaka nitoe habari mimi kwanza. Nikatoa. Nikasema kwa kirefu, mpaka habari za soko la Nizwa, ambako sijatia mguu tangu mwaka jana. Kasikiliza kwa adabu kubwa. Nilikuwa nashughulika na kukaa kwa haiba, nikasahau kutikisa kikombe. Bila ya kutikisa, maana yake unataka zaidi. Musallam akamimina, akamimina tena. Nikanywa vyote.

Kisha karani kaniuliza kama leo nitalala Ibra au naendelea na safari.

Nikafungua mdomo nimweleze kuwa mimi ni mtu wa hapa hapa, nyumba yangu nyuma ya msikiti. Lakini Musallam keshafika na chetezo cha udi. Kanifukiza mimi mwanzo, ndevu na joho, akaninyunyizia marashi. Heshima kubwa! Wazee wote wakanitazama, wakangoja. Hapo ndipo nilipokumbuka: baada ya udi hapana kukaa. Mgeni akishafukizwa huondoka.

Ningefanya nini? Kuvunja adabu mbele ya watu wazima? Nikainuka. Karani akainuka kwa ajili yangu. Wakanisindikiza mpaka viatuni, wakaniombea safari ya salama. Mzee Marhoun naye kaniombea, na joho ni lake!

Nimesimama nje, nanukia kama bwana harusi. Dirishani nimesikia karani akiuliza nani huwafungulia wazee mahali hapa. Wote wakamtaja mshika dele: ndiye aliyewapokea na kuwahudumia. Ufunguo kapewa Musallam.

Alkhamisi, 13 Oktoba

Nimeumia. Sisemi uongo, nimeumia sana. Musallam kaja kuagana nami, kasema sabla ni yangu pia, na nikija Ibra mto wa mbele utaningoja. Mahfoudha kacheka mpaka kalia. Kisha kafunga masanduku.

Samail, Jumamosi, 22 Oktoba

Mikono yangu myeusi kama chini ya sufuria. Nadhir ananiita mtaalamu mbele ya wateja. Lakini Mungu hamtupi mja wake. Leo mtu kaleta pancha, kanieleza kuwa zahanati ya zamani hapa karibu imehamia jengo jipya, na jengo la zamani liko tupu. Nyumba ya wageni! Mkubwa wao anakuja kulitazama Jumanne.

Nimekaa nikalipima kosa langu la Ibra, nimeliona. Mto ulikuwa mmoja tu. Mtu hakuniona vizuri. Safari hii nitakalia miwili, na joho nitaazima lenye dhahabu. Kumimina kahawa nimemwomba Nadhir. Kakubali hapo hapo, maskini. Hajui lolote.