Karavani ya Bibi Harusi na Waya wa Mita Ishirini

Jumatatu, 24 Juni 2024

Leo nimeingia rasmi katika sekta ya harusi. Karavani niliyoinunua kwenye mnada wa kambi ya wapima madini, ile ambayo mke wangu Genoveva huiita kabati lenye magurudumu, imepata kazi. Itakuwa chumba cha bibi harusi kujipambia. Kiyoyozi kipo. Kioo kipo. Sinki lipo (halina maji, lakini sinki lipo). Gongo la Mboto yote haina kitu kama hicho.

Bibi harusi wa kwanza ni Shamimu, binti wa jirani yangu Mwishehe. Jumapili hii. Zawadi yangu kwake.

Nimeijaribu mchana. Nimevuta waya wa mita ishirini kutoka soketi ya sebuleni hadi kwenye karavani. Nimewasha kiyoyozi, birika la umeme na draya ya nywele, vyote kwa pamoja. Dakika kumi. Baridi safi kabisa! Genoveva akagusa plagi, akaruka, akasema inachoma kama kikaango. Nimemweleza kwamba joto ni dalili ya kazi. Waya usiopata joto ni waya mvivu. Hakushawishika. Wauguzi hawana nadharia kama sisi walimu.

Mwishehe ni fundi umeme wa miaka thelathini. Alichungulia juu ya ukuta, akasema, we Mnyamwezi, huo waya ukianza kukaanga mihogo uniite nije na chumvi. Nimecheka mpaka machozi. Yeye Mzaramo, mie Mnyamwezi, watani wa damu. Mwaka juzi kwenye msiba wa shangazi yangu alilala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Mtu wa namna hiyo humsikilizi kuhusu umeme.

Jumanne, 25 Juni

Nimenunua plagi mpya. Nene, inang'aa, imeandikwa tarakimu kubwa ubavuni. Muuza duka aliniuliza waya wangu una unene gani. Nikamjibu kwamba historia ya dunia imejaa wanene walioshindwa na wembamba. Akasema, sawa mzee, karibu tena.

Karibu tena! Plagi imeyeyuka saa tano asubuhi. Imenywea kama mshumaa, na soketi ya sebuleni imebaki na jicho jeusi.

Nimejaribu taulo mbichi. Wazo langu: maji hushinda joto, hilo hata mtoto wa chekechea anajua. Genoveva alinikuta nimeshika taulo linalochuruzika, hatua moja kutoka kwenye soketi. Aliniita kwa jina langu lote la ubatizo. Alisema wodini kwake wamelala watu watatu walioungua, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mjinga kiasi hiki. Kisha akatoa hukumu: waya ukipata moto tena, karavani inakwenda kwa Felicitas wa jumuiya yetu, awe anafugia kuku. Felicitas ameshakuja kupima mlango.

Kuku! Kwenye kiyoyozi!

Nimehamia soketi ya chumbani, na plagi nyingine.

Jumatano, 26 Juni

Hamisa, mama yake Shamimu, amekuja na ujumbe wa wanawake sita kukagua. Walipima, walinusa, walikaa kitandani wakarukaruka. Mmoja aliuliza kama inaweza kuondoka yenyewe na bibi harusi ndani. Nikasema haina injini. Akasema basi afadhali, maana huyu binti tumemlea kwa tabu.

Shamimu mwenyewe alibaki nyuma. Alisema, shikamoo Mjomba Leo. Akaeleza kwamba nyumbani kwao kuna vyumba vitatu na wageni arobaini kutoka Maneromango, na kwamba tangu Ijumaa iliyopita hajakaa peke yake hata chooni. Hataki makubwa. Anataka saa moja tu ya kutulia siku hiyo, palipo baridi na mlango unafungika, kabla ya kupelekwa kwa mumewe. Aliuliza kama ninaweza.

Nilimfundisha kusoma mtoto huyu, barazani kwangu, kwa gazeti. Alikuwa na miaka mitano. Aliniuliza kwa nini nagombana na karatasi.

Nikamwambia: mwanangu, saa moja? Utapata tatu.

Amenibusu mkono. Sasa ni lazima waya huu unyooke, hata kama itanibidi niulalie mwenyewe.

Alhamisi, 27 Juni

Uchokozi mkubwa. Mwishehe amekuja na roli la waya mweusi begani, mnene kama mkia wa kenge. Alisema waya wangu ni wa redio, siyo wa kiyoyozi. Mzigo mkubwa ukipita kwenye kijia chembamba, lazima kijia kichemke. Alisema pia tundu la plagi limelegea, na palipolegea ndipo moto unapoanzia. Atabadilisha vyote kwa saa mbili, bure, kwa ajili ya binti yake.

Alikuwa na uso mkavu kabisa. Ndivyo anavyofanyaga! Kwa uso huohuo aliwahi kunituma Buguruni nikamletee kilo moja ya volti.

Nilimwambia kwamba baba wa bibi harusi hatambai chini ya magari. Nilimwambia pia kwamba zawadi ni yangu, na zawadi inayorekebishwa na anayepewa si zawadi, ni mkopo. Akasema, Mwalimu, leo sina utani. Nikasema, hilo ndilo neno la kwanza la kila utani. Akaweka roli lake chini ya mwembe wa... hapana, sina mwembe, nilishaukata, na kwa hilo pia Mwishehe alilalamika. Akaliweka kando ya tangi la maji, akaenda zake.

Sijaligusa. Nimeandika makala ya kurasa tatu: "Unene Si Hoja."

Ijumaa, 28 Juni

Ushindi! Nimegundua kosa lilikuwa wapi. Waya ulikuwa umetapakaa ovyo, umeme unachoka njiani. Kutoka chumbani hadi kwenye karavani ni mita sita tu. Mita kumi na nne zilizobaki nimezizungusha vizuri sana, duara juu ya duara, nikazifunga kwa kamba ya katani, nikaziweka mbele ya ngazi ya karavani. Zinapendeza kama keki.

Nimewasha. Nusu saa. Nikagusa. Baridi kama pua ya mbwa!

Genoveva aliuliza nimewasha nini. Nikasema taa. Akauliza, taa tu? Nikasema kanuni inayosimama kwa taa inasimama kwa vyote. Alifumba macho kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anasali.

Jumapili, 30 Juni

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ndoo. Nitaeleza kwa mpangilio.

Saa nane mchana. Wanaume wamekwenda msikitini kufungisha ndoa. Shamimu ndani ya karavani na mpambaji wake. Kiyoyozi, draya, birika, pasi. Pasi! Nani aliwaambia kuhusu pasi?

Hamisa na wenzake wakaanza kutandika khanga, kutoka ngazi ya karavani hadi mlango wa nyumba yao, ili bibi harusi asikanyage mchanga. Khanga mbilimbili, kisha tatutatu, maana kila shangazi alitaka yake ikanyagwe. Zikapita juu ya keki yangu ya waya. Nikaona ni vizuri. Nikafikiri: sasa na waya nao umevaa.

Baada ya robo saa, moshi. Mwembamba, unapanda kutoka chini ya khanga. Mwanamke mmoja akavuta hewa akasema mashaallah, nani kaleta udi? Mwingine akasema ni wa Unguja huo. Wakajifukiza!

Nikapiga kelele: moto! Waya unaungua! Zimeni!

Wakanigeukia wote. Wakaona ni nani. Mtani! Vigelegele vikapasuka. Ngoma ikapigwa kwa ndoo. Nikaruka juu ya khanga kuikanyaga ile keki, wakasema angalieni Mnyamwezi anavyocheza. Nikajaribu kupita kwenda chumbani kuchomoa plagi, wakaniziba njia, wakinidai kiingilio. Bibi mmoja wa Maneromango akanibandika noti kwenye paji la uso. Kadiri nilivyolia ndivyo walivyonitunza. Hamisa mwenyewe alisema, huyu baba leo kajiandaa.

Nikaenda kwenye mlango wa karavani nikagonga. Sikuwa na maneno mengine. Nikasema, Shamimu, mwanangu, tafadhali, zima swichi kuu.

Kisha: tak. Kiyoyozi kikakata. Draya ikakata. Mlango ukafunguka, bibi harusi akatokea, hina mpaka kwenye viwiko, upande mmoja wa nywele umenyooka na mwingine bado. Akawaambia wanawake kwa sauti ya chini kwamba ni kweli, jamani, kunaungua. Mama yake akamuuliza amejuaje. Akasema: Mjomba hajawahi kusema tafadhali tangu nizaliwe.

Wakafunua khanga. Ya chini kabisa ilikuwa na tundu la ukubwa wa sahani, na waya wangu umeshikamana kama bisi za sukari. Nikamwaga mchanga. Genoveva akapita katikati ya watu kama gari la wagonjwa, akachomoa plagi kwa mpini wa ufagio, akarudi, akanishika viganja, akavigeuza kuona kama nimeungua.

Wanaume wakarudi. Mwishehe katika kanzu nyeupe na koti jeusi. Alitazama waya. Alinitazama. Nilingoja anitukane, nilikuwa na haki ya kutukanwa mpaka mwezi wa kumi. Badala yake akavua koti, akampa bwana harusi alishike, akachukua roli lake kando ya tangi, akatambaa chini ya karavani na kanzu yake. Dakika arobaini. Soketi mpya, tundu jipya, ule waya mnene umelazwa chini umenyooka, haujafunikwa na chochote. Harusi nzima ilisubiri. Nilimshikia tochi. Alisema neno moja tu: juu kidogo.

Kisha akawasha vyote, na pasi. Akaniambia niguse. Baridi.

Shamimu akarudi ndani, akafunga mlango. Alikaa saa nzima. Wageni walinung'unika, bwana harusi akasinzia kwenye kiti na koti la mkwewe mapajani. Mwishehe alisimama kwenye ngazi akamzuia kila mtu, hata Hamisa. Nami nilisimama upande wa pili wa ngazi. Alikuwa analia, yule mzee, na vumbi puani.

Jumatatu, 1 Julai

Genoveva amesamehe, kwa masharti. Felicitas amerudishwa na kuku wake.

Nimemnunulia Hamisa doti mpya ya khanga. Alisema ile iliyoungua ataitunza, ndiyo itakayosimuliwa kwa wajukuu. Mwishehe nimempelekea kanzu, maana ile ya kwake haikutoka grisi. Aliipima mbele yangu, akasema Mnyamwezi hajui hata urefu wa binadamu. Moyo wangu ukatulia.

Jumatano, 3 Julai

Habari njema. Familia ya Mzee Elibariki wanaozesha Jumamosi, wanaitaka karavani. Tatizo dogo: pale pa kuiegesha ni mita kumi na tano kutoka kwenye soketi, na waya mnene wa Mwishehe ni mita nane.

Nikakumbuka kwamba ule waya wangu haukuungua wote. Zimebaki mita saba nzima, nzuri, zenye uzoefu. Nane na saba! Hesabu yenyewe imenikonyeza. Nimeziunga asubuhi hii kwa tepu nyeusi, mizunguko kumi na minne.

Mwishehe alipoona alirudi kwake. Baada ya saa moja akaniletea barua. Imeandikwa kwa mkono, ina sahihi na muhuri wa kazi yake, nakala kwa Genoveva. Anasema ameiandika ili nisidhani ni utani. Anataja hatari tatu, kwa namba.

Barua nzuri. Nimeisoma mara mbili. Hoja ya kwanza ina nguvu kiasi, ya pili inajirudia, ya tatu haina ushahidi. Nimemjibu kwa kurasa nne na bado sijafika kwenye suala la tepu.

Nimesimama kidogo kwenda kugusa kiungo, huku kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Vuguvugu tu.