Ngano Isimame Hadi Pai Yangu Ipate Ganda

Kwa Mhariri,
Gazeti la Wiki la Loon Prairie,
Minnesota.

Ndugu Mhariri,

Salamu, na pole kwa mbu wa mwaka huu. Naomba nafasi katika ukurasa wako kwa jambo linaloninyima usingizi.

Mimi ni mjane wa marehemu Arvid Tollefsrud. Kwa miaka thelathini na minne nimepeleka pai ya ndimu kwenye mlo wa kiangazi wa kanisa letu, na sahani haijawahi kurudi na kitu. Ganda lake ni biskuti kavu za dukani ziitwazo graham, zilizopondwa zikachanganywa na siagi, wala sijui njia nyingine. Sasa mjukuu wangu Solveig, mwenye miaka saba, tumbo lake halipatani na ngano. Chembe moja tu humlaza siku tatu. Atakuja Jumamosi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jina. Mwaka jana nilimuuliza Duane, mwenye duka letu, kama graham ina ngano. Akajikuna kidevu: "Aa, Bi Lorna! Ngano ni ngano, hii ni graham." Nikamwamini, maana ni mzee wa kanisa. Mkwe wangu Kirsten, mama yake Solveig, alisoma boksi pai ikiwa tayari mezani, akainyakua sahani mbele ya mtoto. Sisi wakubwa tukala pai, Solveig akala tufaha. Nilipomwomba radhi alinipapasa mkono: "Usijali, Bibi, nimeshazoea." Ndugu Mhariri, niliumia sana. Mtoto wa miaka sita hapaswi kuwa ameshazoea. Naomba boksi liandikwe NGANO kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani.

2. Biskuti za dukani zisizo na ngano. Zilifika zimeshapondeka kwa safari. Nilishukuru kupunguziwa kazi, hadi nilipozionja.

3. Za kutengeneza nyumbani. Unga wa lozi uliungua pembeni ukabaki mbichi katikati. Unga wa mchele ulitoa biskuti ambayo mbwa wangu aliizika bustanini na hajarudi kuifukua. Wifi yangu Marlys akaja na lake: "Wewe nawe! Si umchotee ndimu ya juu kwa kijiko, ganda uliache?" Marlys, ndimu iliyolalia ganda hilo hilo? Tunaheshimiana, lakini hapana.

4. Mioto ya ziwani. Kila jioni majirani huchoma peremende laini kwa vijiti juu ya moto na kuzibana katikati ya biskuti hizo hizo, na mtoto asiyeruhusiwa huletewa harufu bure. Naomba mioto yote ipigwe marufuku kuanzia Ijumaa.

5. Kwa kuwa mzizi wa fitina ni ngano yenyewe, naomba wilaya izuie kuipanda kuanzia hapa hadi mpaka wa Dakota Kaskazini. Najua shemeji zangu wote wanalima ngano. Nao watazoea.

Msimamo wangu hautikisiki: hakuna mbadala unaofanana na graham, na mjukuu wangu hatapewa cha kubahatisha.

Nisalimie mkeo, wachapaji wako, mchungaji, na hata Duane.

Ni mimi, mwenye uchungu na ganda,
Lorna Tollefsrud (Bi)

Baada ya sahihi: Solveig amefika leo, siku mbili kabla. Jaribio langu la sita lilikuwa mezani: unga wa mtama, asali na mdalasini. Ganda limesambaratika kama mchanga, pai inaliwa kwa kijiko. Amekula vipande viwili akiwa wima. Nikamwambia, "Sema kweli, mama, inafanana na graham?" Akanitazama mdomo umejaa: "Graham ndiye nani, Bibi?"

Hajawahi kuionja, Ndugu Mhariri, tangu azaliwe. Mwaka mzima nimegombana na ngano kwa ajili ya ladha niliyokuwa nikiililia mimi. Barua hii usiichape. Anadai kipande cha tatu, na kijiko anataka nimshikie mimi.