Kichwa cha Mtihani

Alhamisi, 5 Juni

Mkutubi mkuu anastaafu! Ametangaza leo saa nne, mbele ya kabati la magazeti, kwa sauti ya mtu anayesema kuna mawingu. Usaili ni Jumatano ijayo. Tunaokitaka kiti chake ni wawili. Mimi, miaka ishirini na miwili kwenye dawati la kuazimisha vitabu. Na Tai. Tai ni yule kijana wa rafu za juu anayevaa tai hata siku ya kufagia stoo. Ana miaka thelathini na minne. Nywele nyeusi tititi.

Nilijitazama kwenye kioo cha msalani. Kulia mvi, kushoto mvi, katikati mvi kidogo na uwanja. Kichwa cha mtu aliyekula chumvi nyingi. Jopo litanitazama na kuanza kuhesabu miaka niliyobakiza. Lazima nywele ziwe nyeusi kabla ya Jumatano, na Mama Watoto asijue. Alishaniambia kwamba mwanamume anayepaka nywele rangi hafichi umri, anatangaza tu kwamba anauficha. Sijui haya maneno huwa anayatoa wapi.

Mpango ukanijia papo hapo. Shemeji yangu, mdogo wake Mama Watoto, aliacha ukarani akiwa na miaka arobaini akaenda kusomea ususi. Jumamosi ana mtihani wa rangi, na kila mtahiniwa huja na kichwa chake, yaani mtu wa kupakwa. Ameshafeli mara mbili. Kichwa cha kwanza kilitoroka, cha pili kilikwenda kunyoa. Akifeli tena, anafutwa chuoni. Nimempigia simu kumwambia kichwa ninacho. Alinishukuru mara tatu kabla sijamaliza. Hata mimi niliguswa na wema wangu.

Jumamosi, 7 Juni

Saluni. Vioo sita, viti sita, vichwa sita. Mwenye ndevu ni mimi peke yangu. Nikafungwa shuka la plastiki shingoni. Mtahini ni mama mnene mwenye miwani ya mnyororo, na hacheki.

Nikamnong'oneza shemeji: nyeusi tafadhali, ya kawaida tu. Akanishangaa. Akasema rangi hachagui fundi wala kichwa, rangi hupigiwa kura. Sikujua! Mtahini akapitisha bakuli la vikaratasi, shemeji akachomoa kimoja. Shaba.

Shaba! Nilitaka kunyanyuka. Lakini mkono wa shemeji ulikuwa begani kwangu, na ulikuwa unatetemeka. Nikajikaza kisabuni. Brashi, karatasi za fedha za kufungia nywele, dawa ya kufifisha rangi iliyonitoa machozi. Saa tatu nzima. Nilipogeuzwa kwenye kioo nikamwona mtu mwenye uso wangu na kichwa cha birika jipya.

Na hayo si yote. Mtahini atarudi Jumamosi ijayo kuona kama rangi imeshika. Kwa wiki nzima kichwa kisinyolewe, kisipakwe kitu kingine, na siku hiyo kisikose kuja. La sivyo mtahiniwa amefeli. Kumbe niliyatia sahihi masharti hayo asubuhi. Nilidhani ni daftari la wageni.

Nimerudi nyumbani na kofia ya sufu. Joto la kuunguza. Nimemwambia Mama Watoto nina mafua.

Jumapili, 8 Juni

Mama Watoto aliivua kofia nikiwa nimelala mchana. Hakupiga kelele. Nilipofumbua macho alikuwa amevuta kiti, ameketi, anatazama. Akauliza kama kuna jambo ningependa kumweleza.

Nikasema nimejitolea kichwa changu kwa ajili ya mdogo wake. Akalainika mara moja! Akasema hakujua nina moyo wa namna hiyo, na usiku nikapewa paja la kuku. Habari ya nyeusi sikuona haja ya kuigusa.

Jumatatu, 9 Juni

Kazini na kofia. Tai akauliza kwa upole kama naumwa. Upole wa Tai huniudhi kuliko matusi.

Saa sita niliinama kuokota kadi, kofia ikanasa kwenye kona ya droo. Mzee mmoja, msomaji wetu wa magazeti wa kila siku, akashusha gazeti lote. Watoto watatu wakaacha vitabu wakaja dawatini, mmoja akauliza kama kichwa changu huwaka gizani. Tai akaiokota kofia, akaikung'uta, akanirudishia. Akasema rangi imenipendeza. Mnafiki!

Barua ya usaili inasema mavazi rasmi. Kofia ya sufu haimo.

Jumanne, 10 Juni

Nilikwenda kwa shemeji nikiwa nimepiga moyo konde kumwambia nanyoa. Kwenye kalenda yake ya ukutani, Jumamosi imezungushiwa duara jekundu, na ndani ameandika: shemeji. Nikayameza maneno yangu.

Alipokwenda jikoni kuchemsha chai, nilifungua daftari lake la masomo. Ukurasa wa tisa: zambarau huizima njano. Basi! Shaba ni nini kama si njano iliyochoka? Na zambarau ninayo, chupa nzima, droo ya tatu: wino wa muhuri wa maktaba. Rangi mbili zikizimana, kinachobaki ni giza, na giza ni jeusi. Usaili ukiisha naosha kwa maji, shaba inarudi, shemeji anafaulu, nami ni mkutubi mkuu. Nilikunywa chai yake nikitabasamu peke yangu. Shemeji akaniuliza kama niko salama.

Jumatano, 11 Juni

Nilipaka saa mbili asubuhi, msalani, kwa brashi ya gundi. Hazikuzimana. Zambarau ilikaa juu ya shaba kama mgeni aliyekaribishwa. Biringanya! Na sikio la kushoto pia. Nikaosha kwa sabuni ya mikono mara nne. Wino wa muhuri hautoki kwa maji. Sasa nakumbuka kwamba ndiyo sababu tunautumia.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Mwenyekiti wao, mzee mtaratibu, akaniuliza nitailindaje mali ya maktaba. Nilijibu vizuri sana, ila wote watatu walikuwa wakitazama juu kidogo ya macho yangu. Kisha akauliza nina umri gani. Nikasema hamsini na mbili. Akaandika, akanitazama kichwani, akafuta, akaandika tena.

Tai aliingia baada yangu. Alitoka uso umemshuka. Hilo tu ndilo lililonipa raha leo.

Ijumaa, 13 Juni

Tangu Jumatano nalala na kofia, ila foronya ina zambarau. Mama Watoto aliishika juu kwa vidole viwili akangoja. Nikaeleza yote, tangu ile nyeusi. Akasema paja lile la kuku angejua angempa paka. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba mdogo wake hana nafasi nyingine, na mimi nimeichezea.

Nimejaribu ndimu, mafuta ya taa na dawa ya meno. Bado ni biringanya. Nimeona aibu, na sijui nitamtazamaje shemeji kesho.

Jumamosi, 14 Juni

Shemeji aliniona mlangoni mwa saluni, akakaa chini. Afadhali angenitukana.

Mtahini akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamuuliza shemeji hii ndiyo shaba gani. Nakiri kwamba niliutazama mlango. Ulikuwa wazi. Lakini shemeji alikuwa ameanza kukusanya brashi zake moja moja na kuzifunga kwenye taulo, na hilo lilinishinda. Nikasema ni mimi. Nikasema wino wa muhuri. Nikasema yeye hakujua lolote, na kama kuna wa kufelishwa nifelishwe mimi.

Mtahini akanishika kichwa, akakigeuza kwenye mwanga. Halafu akasema nusu ya wateja wa fundi wa rangi ni watu waliojiharibia nyumbani. Akampa shemeji saa mbili: kichwa hiki kirudi kuwa cha mtu.

Mkono wake haukutetemeka tena. Akafifisha, akaosha, akachanganya rangi kwenye bakuli, akaijaribu nyuma ya sikio, akachanganya upya. Nilipogeuzwa kwenye kioo nikaona kulia mvi, kushoto mvi, katikati mvi kidogo na uwanja. Zile zile! Mtahini alinizunguka mara mbili, akapitisha kidole kwenye nywele, akaandika. Shemeji amefaulu, na alama zake zimewapita wote. Akanikumbatia mbele ya vichwa vitano. Nililia kidogo. Ile dawa ni kali.

Nyumbani Mama Watoto alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku, akasema afadhali nimerudi na nywele zangu halisi. Sikumsahihisha.

Jumanne, 17 Juni

Barua ya jopo imefika. Hawajaamua! Tai wanamwona kijana mno kwa kiti kile. Mimi hawakuweza kuridhika kuhusu mwonekano wangu. Usaili utarudiwa mwezi ujao.

Mchana Tai alinifuata stoo. Akafunga mlango. Akalegeza tai, mara ya kwanza tangu aajiriwe. Akauliza nani alinitengenezea mvi nzuri namna hii, maana naye anataka chache pembeni, za kumkomaza kidogo. Nikampa namba ya shemeji. Mteja wake wa kwanza! Nilirudi dawatini nikijiona mtu mwema kabisa.

Kisha nikafikiri. Tai akija na mvi, nami nina mvi, jopo litaona wazee wawili. Atakayeng'ara hapo ni mwenye nywele nyeusi. Nimempigia shemeji. Amekataa. Amesema nisikanyage kwake mpaka usaili upite.

Haidhuru. Jioni, kabla ya kufunga, nimejaza fomu ya kuagiza vifaa vya ofisi. Wino wa muhuri, chupa moja. Mweusi.